Mate ya Baraka

Nilipokuwa mtoto, watu wazima walinifungulia viganja vyao ili nivitemee mate. Naandika hivi kwa kuwa kuna mambo ambayo mwili hausahau hata akili ikishaamua kuyasamehe. Viganja vile navikumbuka vizuri kuliko sura za wenyewe. Kulikuwa na kimoja kilichonuka ugoro, kingine chenye mafuta ya mbuzi yaliyoganda kwenye mistari ya mkono, kingine cheusi kwa grisi ya baiskeli. Vyote vililetwa chini ya kidevu changu, na juu yangu sauti ikasema, "Tema, mwanangu. Tema vizuri."

Kwetu ni upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui, ambako udongo ni mwekundu na mto ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huko mate ya mtu mzee si uchafu. Mzee akikubariki hukutemea kidogo kifuani au kiganjani, nawe hujipangusi. Lakini mimi sikuwa mzee. Nilikuwa msichana mwenye kimo cha mbuzi, meno ya mbele yameng'oka, na aliyenipa kazi ya wazee alikuwa Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba.

Nilizaliwa mwishoni mwa ukame mbaya. Watu walikuwa wameshauza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa, na waliobaki na mbuzi walikuwa wakiwakatia matawi ya miti ili wasife. Susu ndiye aliyemzalisha mama yangu. Anasema, au alikuwa akisema alipokuwa hai, kwamba nilipolia mara ya kwanza, bati la nyumba lilijibu. Tone moja, kisha lingine, kisha mvua yenyewe. Akanibeba nje hata kabla sijaoshwa, akaninyanyua, nikanyeshewa.

Hapo ndipo nilipopata jina langu, Mumbua. Kwetu msichana yeyote akizaliwa wakati wa mvua huitwa hivyo, na darasani tulikuwa wengi. Mwalimu akiita Mumbua tulikuwa tukiangaliana kwanza. Lakini Susu hakutosheka na jina. Alishikilia kwamba mimi sikuzaliwa mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha kwa sababu nilizaliwa. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo iliyonitesa.

"Huyu alikuja nayo," alikuwa akiwaambia wageni, amenishika kidevu kama mtu anayeonyesha mbuzi sokoni. "Mate yake yana kitu."

Sasa nieleze kuhusu mama yangu, kwa sababu bila yeye hadithi hii haieleweki. Sisi watoto tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wengi wanavyomwita mama. Baba alikuwa fundi wa magurudumu Mtito Andei, akibandua na kubandika tairi za malori kando ya barabara ya Mombasa, na nyumbani alikuja mara chache, akiwa amechoka. Kwa hiyo shamba lilikuwa la Mwaitu peke yake. Lilikuwa shamba baya, la mteremko. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanakimbia na udongo kwenda mtoni kabla mimea haijayaonja.

Mwaitu alichimba. Kiangazi chote, jua likiwa kali hata kuku wanajificha chini ya ghala, yeye alikuwa kwenye mteremko ule akichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kukata mlima upande hadi upande na kurusha udongo juu ili uzuie maji. Udongo wetu ukikauka ni kama tofali. Alikuwa akipiga jembe, jembe linaruka, anapiga tena mahali pale pale. Watu waliopita njiani walimtania.

"Mama Mumbua, leo unamzika nani?"

Alikuwa akicheka nao kidogo, kisha anaendelea.

Na si mitaro tu. Ndengu zikiwa bado shambani, alikuwa akipita mstari kwa mstari akitafuta mimea iliyobeba maganda mengi na ambayo haikushambuliwa na wadudu. Hiyo aliifunga vitambaa vyekundu alivyorarua kutoka kwa leso kuukuu. Ikikomaa, aliivuna peke yake, akaikausha peke yake, akachanganya mbegu zake na majivu na kuziweka kwenye kibuyu. Na wakati wengine walingoja mvua inyeshe ndipo wapande, yeye alipanda kwenye vumbi, mbegu ikingojea mvua ardhini badala ya mvua kuingojea mbegu.

Msimu mmoja, kabla Mwaitu hajapanda, Susu alikichukua kile kibuyu, akanitaka nitemee ndani. Nilitema. Nilikuwa mdogo, niliona ni mchezo. Msimu ule mvua ilikuwa ya wastani, na shamba letu lilijaa ndengu hata tukakosa magunia ya kutosha, wakati majirani walipata za kupika tu.

Majirani wakaja kuangalia. Nawaona hadi leo. Walisimama juu ya mitaro ile, viatu vyao vikiwa ndani kabisa ya kazi ya mama yangu, wakageuka wakanitazama mimi. Mwanamke mmoja aliinama akaniuliza kama asubuhi ile nilikuwa nimekunywa maji, kwa sababu hakutaka mate mepesi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutemea mbegu za kijiji. Na mambo hayakuishia kwa mbegu. Wachuuzi wa mbuzi walipita kwetu siku za soko wakielekea Mutomo, nami nikatemea kamba za mbuzi wao. Kijana aliyenunua baiskeli ya kubeba abiria aliileta nitemee usukani. Mwanamke aliyekuwa akitafutia binti yake mume alinileta ndani ya nyumba, akafunga mlango, akanionyesha mahali pa kutema ambapo sitapataja hapa. Shemasi wa kanisa letu, aliyekuwa akikemea uganga kila Jumapili mpaka mshipa wa shingo unasimama, alikuja nyuma ya jikoni ibada ikiisha, amekunja mkono wa shati.

"Usimwambie pasta," aliniambia. "Hii si uganga. Ni baraka tu."

Mate yalikuwa yakiniishia. Mtoto mdogo ana mate kiasi gani? Basi walikuwa wakinipa ukwaju ninyonye, yale maganda machachu yanayofanya mdomo ujae maji hata usipotaka. Ulimi wangu ulichubuka. Hadi leo, mtu akinitajia ukwaju, taya langu linauma pande zote mbili.

Mwaitu alijaribu kuzuia. Nilimsikia jioni moja jikoni akimwambia Susu, kwa heshima, kwamba mtoto amechoka, mdomo una vidonda.

"Unamwonea wivu mtoto wako mwenyewe?" Susu alimjibu.

Mwaitu alichukua sufuria, akaendelea kuchagua mawe kwenye muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba swali lile lilimkata, lakini sikuwa na umri wa kujua kwa nini.

Aliyelitangaza jina langu kuliko wote alikuwa baba mdogo, ndugu ya baba, tunayemwita Kilonzo. Huyu lazima nimweleze vizuri. Babu alipogawa mashamba, Kilonzo alipata kipande cha mawe ambacho hata mbuzi hawakukitaka. Alilalamika miaka mingi. Kisha barabara ya kwenda Mutomo ilipokuwa ikitengenezwa, wahandisi waliipindisha kuepuka korongo, ikapita mlangoni kwake. Hakuiomba, hakuijua, hakuihonga. Alilala akiwa na mawe, akaamka akiwa na ploti ya barabarani. Akajenga duka, na duka likamnenepesha.

Siku moja nikiwa pale dukani nimetumwa chumvi, nilimsikia akiwafundisha vijana waliokaa kwenye kreti za soda. "Biashara ni kichwa," alisema, akijigonga paji la uso. "Mimi niliona mbali."

Kijana mmoja akamuuliza, "Na yule shemeji yako, mama Mumbua? Mbona shamba lake linatoa hivyo?"

Kilonzo akacheka. "Yule? Yule ana bahati ya mtoto. Hayo ni mate, si yeye."

Nilikuwa nimesimama pale na chumvi yangu. Nilijivuna, nasema kweli. Mtoto akisifiwa hujivuna. Ilinichukua miaka mingi kuyasikia maneno yale jinsi yalivyokuwa, na tangu niyasikie vizuri, sijawahi kuyasikia bila kutaka kutapika. Mtu aliyeokota barabara alijiita mwenye akili. Mwanamke aliyelima mlima kwa mikono aliitwa mwenye bahati.

Kisha ukaja msimu ulioharibika. Mvua ilianza vizuri, watu wakapanda, ndengu zikaota, kijiji kikawa kijani. Kila mmoja alikuwa amenipitishia mbegu zake. Halafu mvua ikakatika, kama mtu aliyefunga mfereji. Ndengu zilikauka zikiwa kwenye maua. Watu walikuwa wakienda shambani asubuhi na kurudi mikono mitupu.

Kwetu, yale maji machache ya mwanzo yalikuwa yameingia kwenye mitaro ya Mwaitu, yakazama, yakakaa. Na kwa sababu ndengu zake zilikuwa ardhini kabla ya tone la kwanza, zilikuwa mbele ya za wengine. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa za kula na za mbegu, basi. Lakini lilikuwa shamba pekee la kijani kwenye mteremko mzima, na lilionekana kutoka mbali, kutoka njiani, kutoka dukani.

Niliyaona mabadiliko mtoni kwanza. Wanawake walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji, nami nikafika na kibuyu changu. Mazungumzo yakakatika. Yule aliyeniuliza wakati ule kama nimekunywa maji aliwavuta watoto wake upande wa pili.

"Anawatemea watu, halafu anavuta vyote kwa mama yake," nilisikia mmoja akisema, si kwa kunong'ona sana.

Hapo zamani nilikuwa mtoto aliyekuja na mvua. Sasa nikawa mwizi wa bahati za watu. Hakuna aliyeona haya kwa mgeuko ule. Ilikuwa imani ile ile, wameigeuza ndani nje kama gunia.

Kilonzo ndiye aliyemwendea Susu. Walikaa chini ya ukingo wa ghala, nami nilikuwa nikicheza karibu, kwa hiyo niliyasikia. Kulikuwa na mzee ng'ambo ya mto anayejua kusafisha. Kilonzo atatoa mbuzi. Mtoto arudishe kila kitu alichochukua, kila mtu kwenye kiganja chake, na mambo yaishe kabla watu hawajachukua hatua nyingine. Aliposema "hatua nyingine" alishusha sauti, na Susu akashika tama.

Nadhani Susu aliogopa. Namtafutia sababu kwa kuwa alinipenda. Alikuwa ameniinua juu mbele ya watu, na sasa watu hao hao walikuwa wakiniangalia kwa jicho baya, naye hakujua namna ya kunishusha polepole. Lakini pia nadhani hakutaka kukubali kwamba mate yangu hayakuwa na kitu. Kama nilikuwa mwizi wa bahati, angalau nilikuwa na nguvu. Kama nilikuwa mtoto wa kawaida tu, basi yeye alikuwa amewadanganya watu.

Walichagua siku ambayo Mwaitu ameenda mbali kuteka maji akiwa na punda, safari ya kutoka alfajiri hadi jua linapoanza kulala. Mama alipopotea tu kwenye kona ya njia, walianza kufika. Walikuja wengi, wamevaa nguo safi, kana kwamba ni harusi. Shemasi hakuja, lakini mke wake alikuja.

Mbuzi wa Kilonzo alikuwa amekonda, ana upele shingoni. Alichagua yule ambaye angekufa hata hivyo. Walimchinja nyuma ya nyumba, yule mzee akapasua tumbo, akachota kwa mkono yale majani yaliyosagika, ya kijani kibichi, yenye moshi wa joto, na nzi wakafika kabla hajageuka. Alinipaka usoni. Alinipaka kifuani. Yalikuwa ya moto, na yaliteremka polepole ndani ya gauni langu hadi tumboni. Harufu ile sina namna ya kuieleza isipokuwa kusema kwamba ni harufu ya kitu ambacho kilikuwa kinaishi kwa siri na hakikutakiwa kuonekana.

Kisha akachanganya mengine kwenye kata, na maji, na kitu cheusi alichotoa kwenye mfuko wake. Nilitakiwa kujaza mdomo, kisha nimtemee kila mtu.

Nikafunga mdomo.

Susu alikuja nyuma yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Mikono yake niliijua, ndiyo iliyonisuka nywele. "Ni kidogo tu, Mumbua," aliniambia sikioni. "Tema urudishe vitu vya watu."

"Nilichukua nini, Susu?"

Mzee akanibana pua, mdomo ukafunguka wenyewe.

Nilimtemea wa kwanza, nikamtemea wa pili. Walipokea kwa viganja viwili kama watu wanaopokea sakramenti, wakajipaka shingoni, wakaondoka kando wakiwa wameridhika. Mstari ulisogea. Nilipofika kwa Kilonzo, tumbo langu lilikataa. Nilitapika, si mate, si majani, bali kila kitu, uji wa asubuhi na yote, mikononi mwake.

Nilidhani atanipiga. Ningependelea anipige. Kilonzo hakuondoa mikono. Aliitazama, macho yakamtoka kwa furaha, akageukia watu.

"Imetoka!" alipiga kelele. "Mmeona? Imetoka!"

Akajipaka matapishi yangu usoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Na watu waliokwishapokea walirudi mstarini, kwa kuwa sasa walihisi walipewa kidogo kuliko yeye.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile, ya hospitalini, ya machinjioni, ya barabarani. Hakuna lililonitia kinyaa kama uso ule unaometa, wenye furaha.

Mwaitu alirudi mapema. Sijui kwa nini. Nilimuuliza baadaye akasema foleni ya maji ilikuwa fupi, basi. Aliingia bomani na punda akiwa amebeba mitungi, akasimama. Vigelegele vikazimika kimoja kimoja.

"Mnafanya nini na mtoto wangu?"

Kilonzo alijipangusa macho. "Shemeji, tulia. Tunasaidia. Mambo yamekwisha vizuri."

Mwaitu hakumtazama. Alinikuta nimekaa chini, kichwa changu bado mikononi mwa Susu, akapiga magoti mbele yangu, akanusa mdomo wangu. Ninakumbuka alifanya hivyo, alinusa, kama mnyama anavyonusa mwanawe. Kisha akainuka, akafungua mtungi wa kwanza mgongoni mwa punda, akaanza kuniosha. Alinisukutua mdomo, nikatema, akanisukutua tena. Aliniosha uso, kifua, nywele. Mtungi ukaisha, akafungua wa pili. Maji yalikuwa yanaenda chini, udongo unayanywa, na watu wote wale, ambao walikuwa na kiu majumbani mwao, walikuwa wanayatazama.

"Mama Mumbua," mke wa shemasi alisema, "hayo maji jamani..."

Mwaitu akamimina yaliyobaki kichwani mwangu. Ndipo akazungumza, wala hakupaza sauti.

"Mate ya mtoto wangu yameisha. Mtu asije tena. Mbegu zipo ndani, anayetaka nitampa. Anayetaka kujua nilivyolima, alikuwa akinipita kila siku nikichimba. Mliuliza ninamzika nani."

Kisha akamgeukia Susu. "Mama, ni wewe uliyemshika kichwa."

Susu aliangalia mikono yake. Watu wakaanza kuondoka, wengine kupitia nyuma ya ghala ili wasipite mbele ya mama yangu. Yule mzee aliuliza kama anaweza kuchukua mguu wa nyuma wa mbuzi. Akapewa.

Baadaye mtu mmoja alikuja. Jina lake Kalekye, mjane aliyekuwa mstarini siku ile na kiganja chake wazi. Alifika asubuhi na jembe begani, hakuomba msamaha, hakutaja kilichotokea. Alimuuliza tu Mwaitu, "Unaanzia wapi kupima?" Mwaitu akamwonyesha. Walichimba pamoja shamba la Kalekye hadi mvua zikakaribia. Wengine walingoja.

Na mvua zilikuja, nzuri, za kutosha kila mtu. Msimu ule hata aliyerusha mbegu kwa mgongo alivuna. Mnadhani kijiji kilijifunza? Kilonzo alisimulia dukani, mwaka mzima, jinsi alivyotoa mbuzi wake na kuwaokoa watu. Yule mzee wa ng'ambo alitumiwa zawadi. Mama yangu na Kalekye walivuna zaidi ya wote, watu wakasema ni kawaida, mmoja ana yule mtoto na mwingine amekuwa rafiki yake.

Shuleni watoto waliniita Mate. Jina hilo lilinifuata hadi nilipoenda sekondari ya mbali, ambako hakuna aliyenijua.

Siku hizi naishi Wote, upande wa Makueni. Nina agrovet; nauza mbegu, dawa za mifugo, na siku za soko nafundisha akina mama namna ya kuhifadhi ndengu zisitobolewe. Duka linakwenda vizuri. Ningependa kusema ni kazi yangu, na ni kazi yangu kweli, maana naijua kila dawa iliyo kwenye rafu zile na ninafungua kabla ya wengine. Lakini mwaka niliofungua, duka la jirani la namna hiyo lilifungwa kwa sababu mwenyewe aliugua, na wateja wake wakaniangukia. Sikufanya lolote kulistahili hilo. Najilazimisha kulikumbuka, hasa siku ninazojisikia mwerevu, kwa sababu naogopa kufanana na Kilonzo.

Susu alipofariki tulirudi nyumbani sote. Kilonzo, sasa mzee mwenye fimbo na koti, alipewa nafasi ya kuongea kwa niaba ya familia. Badala ya kumzungumzia mama yake, aliwahutubia vijana juu ya mafanikio. Akasema yeye alianza na mawe matupu na akayageuza mali kwa kutumia kichwa. Kisha akaninyooshea fimbo. "Na huyu Mumbua wetu, yeye alizaliwa nayo. Huyu hakuhitaji hata kujaribu." Watu wakapiga makofi. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa nyuma. Hakuna aliyemtaja.

Chakula kikigawanywa, Kilonzo alinijia akiwa amemshika mkono mjukuu wake, msichana aitwaye Mwende, aliyekuwa karibu kufanya mtihani wa kitaifa.

"Mtemee kidogo," aliniambia kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. "Hata kama siku hizi huamini. Kidogo tu."

Niliisikia harufu ile, naapa, pale pale kwenye pilau. Nilimtazama usoni, nikatafuta dalili yoyote kwamba anakumbuka. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anatabasamu.

"Baba mdogo, siwezi."

"Umesoma ukasahau watu," alisema, na uso wake ukabadilika.

Yule msichana alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo. Alikuwa anatazama mdomo wangu kwa kinyaa ambacho nilikitambua mara moja, na sikuudhika hata kidogo. Nilimwambia aende akawasaidie wenzake kugawa soda. Aliondoka mbio.

Jioni ile nilikaa na Mwaitu jikoni. Nilikuwa bado na hasira, nikamwambia yote, kwamba wamemwibia, kwamba maisha yake yote jasho lake limeitwa jina la kitu kingine. Alinisikiliza huku akichokora moto.

"Usinitukuze sana," alisema mwishowe. "Mwaka ule mvua ingekosekana kabisa, hata zile siku chache za mwanzo, mitaro yangu ingekuwa mashimo tu. Ningelala njaa kama wao."

Ni kweli, na nimeyabeba maneno hayo tangu siku hiyo kwa sababu yananinyima raha ya hasira yangu. Mama hakuiita mvua. Mimi sikuiita. Bahati ipo, na ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri, na mwenye duka Wote anajua hivyo sawa na mwenye shamba Mutomo. Ningeweza kuishi kwa amani na watu wanaoamini bahati. Ninachoshindwa kumeza ni namna walivyoigawa: waliookota wakajiita wajuzi, aliyejua wakamwita aliyeokota, na ilipowaharibikia wakatafuta mtoto wa kufungua mdomo kwa nguvu.

Nilimsaidia Mwaitu kuinuka aende kulala. Siku hizi hawezi kuinuka peke yake; daktari anasema magoti yamekwisha, gegedu ya kati ya mifupa imesagika na haitarudi. Alinishika bega, akasimama kwa hatua ndogo ndogo, akauma meno ili asilie. Katika kijiji chote kile, sijamsikia hata mtu mmoja akisema magoti yale ni bahati.